Maji Yenye Dari

Mzamiaji aliye katika bahari ya wazi ana dawa moja ya mwisho kwa karibu kila balaa: kupanda juu. Mtungi ukiisha hewa, kipumulio kikigoma, miwani ikijaa maji, mwenzake akipotea, moyo ukianza kwenda mbio bila sababu, uso wa maji upo juu ya kichwa chake, na hapo kuna hewa isiyopimwa kwa geji. Mafunzo yote ya mwanzo ya kuzamia kwa mtungi yamejengwa juu ya dawa hiyo. Mwanafunzi hufundishwa kupanda polepole, kutoa pumzi njia nzima ili hewa inayotanuka isimpasue mapafu, na akifika juu aelee na kupunga mkono.

Mazingira yenye dari ni mahali popote chini ya maji ambapo dawa hiyo haipo. Kati ya mzamiaji na hewa kuna kitu kigumu: mwamba wa pango, bamba la chuma la meli iliyozama, barafu ya ziwa katika nchi za baridi, hata tumbo la meli iliyofunga gatini. Mara nyingi njia ya kutokea ni ile ile aliyoingilia, nayo yaweza kuwa mita 20 nyuma yake au mita 500. Akipatwa na tatizo hana budi kulitatua palepale lilipomkuta, pengine gizani, kisha aogelee hadi mlangoni ndipo apande.

Ipo pia dari isiyoonekana kwa macho. Mtu anayekaa kina kirefu kwa muda mrefu, mwili wake hunyonya nitrojeni kutoka katika hewa anayovuta. Akipanda moja kwa moja, nitrojeni hiyo hutoka kwa povu ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na yaweza kumpoozesha au kumuua. Hivyo humlazimu kusimama kwa dakika kadhaa katika vituo alivyopangiwa huku akiuona uso wa maji na asiweze kuuendea. Mapango marefu humwekea mzamiaji dari zote mbili kwa pamoja.

Kinachofanya mahali pa namna hii pawe pa hatari kuliko papa au mkondo ni kwamba mlangoni hapatishi. Maji ya mapango mengi ni meupe kama kioo. Mwanga wa jua unaingia kwa nyuma na kuchora mistari ya buluu juu ya mchanga, samaki wadogo wamejipanga kwenye kivuli, na mita kumi za kwanza ni rahisi kuliko mwamba wowote wa matumbawe wenye mawimbi. Mzamiaji mwenye miaka ya bahari haoni sababu ya kurudi, wala hajidanganyi anapojiona ni hodari. Uhodari wake ni wa kweli, ila ni wa kazi nyingine. Nahodha aliyevuka bahari kuu mara mia bado hupokea rubani kabla ya kuiingiza meli Kilindini, na hakuna anayemwona mjinga kwa hilo.

Hesabu ya hewa ndiyo ya kwanza kumsaliti mgeni. Juu ya maji, mtu mtulivu anayeogelea taratibu hutumia lita 20 hivi za hewa kwa dakika. Kila mita 10 anazoshuka, maji huongeza msukumo unaolingana na ule wa angahewa yote iliyo juu yetu, na kila pumzi hula hewa zaidi kwa kiasi hicho. Kwenye mita 10 atatumia lita 40 kwa dakika, kwenye mita 30 atatumia 80. Mtungi wa kawaida wa lita 12, ukijazwa hadi bari 200, una lita 2,400 za hewa. Kwenye kina cha mita 30 hiyo ni nusu saa tu, tena nusu saa ya mtu asiye na hofu. Mwenye hofu hupumua mara mbili au tatu ya hapo, na hofu ndiyo inayokuja mambo yanapoharibika.

Baharini wengi wamezoea kupanda geji ikikaribia bari 50. Ndani ya pango mazoea hayo yanaua, kwa sababu aliyetumia bari 150 kuingia hawezi kutoka kwa 50. Wazamiaji wa mapango hufuata kanuni ya theluthi: theluthi moja ya kuingilia, theluthi moja ya kutokea, na theluthi moja ya akiba. Wanafunzi wengi hudhani akiba hiyo ni ya kujipa raha ya moyo. Kwa hakika ni hewa ya mwenzao. Tuseme watu wawili wanaingia na bari 210 kila mmoja. Geji ya yeyote kati yao ikifika 140, wote wawili hugeuka. Sasa kipumulio cha mmoja kikipasuka palepale wanapogeuka na hewa yake yote ikapotea, zinabaki bari 140 za mtungi mmoja kwa midomo miwili. Kuingia kuliwagharimu 70 kila mmoja, na kutoka kutawagharimu 70 kila mmoja. Hesabu inafika mlangoni bila kubaki hata bari moja, kwa sharti kwamba hakuna aliyeingiwa na kiwewe, hakuna tope lililotibuka, na hakuna aliyesimama kutafuta njia. Ndiyo sababu wakongwe wengi wanaichukulia theluthi kuwa kiwango cha chini kabisa, na hugeuka mapema zaidi ya hapo.

Mkondo nao huigeuza hesabu. Katika chemchemi, maji hutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo kuingia ni kazi na kutoka ni kubebwa. Yapo mapango yanayomeza maji. Humo mtu huingia kama anayeteremka mlima kwa baiskeli, na safari ya kurudi hula hewa mara nyingi ya ile ya kwenda. Mapango ya pwani hufuata kupwa na kujaa. Mdomo uliokuwa ukitoa maji asubuhi unaweza kuyavuta ndani mchana, na mtu asiyeyajua maji ya mahali hapo hupanga safari yake kwa mkondo ambao hautakuwepo atakaporudi.

Baada ya hewa ni tope. Sakafu ya pango tulivu hufunikwa na vumbi lililotua kwa miaka mingi bila kuguswa, laini kama unga uliochekechwa. Pigo moja la pezi la kuelekea chini, lile lile linalompeleka mtu mbele vizuri baharini, linatosha kuliamsha. Hata mapovu ya pumzi hufanya kazi hiyo: hupanda, hugonga dari ambayo haijawahi kuguswa na chochote, na kuangusha chembe za kutu, udongo na mwamba uliooza. Mahali palipoonekana mita 30 mbele hugeuka kwa sekunde chache kuwa maziwa, kisha giza. Tochi haisaidii. Inakuwa kama taa kali za gari kwenye ukungu wa milima ya Usambara: kadiri zinavyoongezwa nguvu ndivyo weupe unavyorudi machoni. Mzamiaji huleta geji mbele ya miwani hadi igusane na kioo, na bado hasomi tarakimu.

Hapo mwili hupoteza mwelekeo. Uzito ambao nchi kavu humwambia mtu chini ni wapi haupo tena majini, na sikio la ndani likikosa msaada wa macho hudanganyika upesi. Asiye na mafunzo huanza kuogelea kwa nguvu kuelekea upande anaoamini ni mlango, na kila pigo la mapezi huamsha tope jingine. Akigusa ukuta huufuata, ingawa ukuta wa pango unaweza kumzungusha chumba kizima na kumwingiza kwenye kichochoro alichokipita bila kukiona. Wapo waliokutwa wamekufa umbali mfupi kutoka mlangoni. Walikuwa wameupita.

Dawa ya tope ni kamba. Mzamiaji wa pango huifunga kamba nyembamba ya nailoni nje, mahali ambapo juu kuna maji ya wazi, huifunga tena hatua chache baada ya kuingia, kisha huiachilia kutoka kwenye gurudumu dogo la mkononi, akiipitisha kando ya ukuta na kuizungusha kwenye mawe ili isilegee wala isinase katika ufa ambao mtu hapiti. Njia zinapogawanyika huwekwa mishale midogo ya plastiki, ncha ikielekea mlangoni. Umbo la mshale limekusudiwa vidole zaidi kuliko macho. Maji yakichafuka, mzamiaji hufanya pete kwa kidole gumba na cha shahada kuizunguka kamba, bila kuivuta wala kuining'inia, na huondoka nayo hivyo hivyo macho yakiwa hayaoni kitu, akihisi kila fundo na kila mshale unaopita. Kamba ikivutwa hukatika au hutoka ilipofungwa, na pete ya vidole ikifumbuka kwa sekunde moja mtu aweza asiipate tena.

Xisco Gràcia, mwalimu wa jiolojia wa kisiwa cha Mallorca, Hispania, alijua yote hayo na bado kamba ilimwangusha. Mwezi wa Aprili 2017 yeye na mwenzake walikuwa katika pango la Sa Piqueta, kiasi cha kilomita moja kutoka mlangoni, walipogundua kwamba kamba ya kurudia haipo na tope limetibuka. Muda walioutumia kuitafuta ulikula hewa yao. Waliponea katika chumba chenye nafasi ya hewa juu ya maji, wakaamua kwamba mmoja atumie hewa iliyobaki kutoka na kuita msaada, na Gràcia abaki. Alikaa humo saa 60 hivi, gizani kwa sehemu kubwa, hewa ya chumba ikizidi kujaa kaboni dioksaidi ya pumzi zake mwenyewe hadi akaanza kuona na kusikia vitu visivyokuwepo. Waokoaji walimfikia na kumtoa hai. Wawili hao walikuwa na mafunzo, walikuwa na utulivu wa kugawana kidogo kilichobaki, na huko nje walikuwepo wazamiaji wa mapango wenye uwezo wa kufika walipokuwa. Mtalii aliyechungulia pango kwa mtungi wa kukodi hana hata moja kati ya hayo.

Kanuni hizi hazikutungwa mezani. Zimetoka hasa katika chemchemi za kaskazini mwa Florida, Marekani, ambako chini ya ardhi ya chokaa kuna mapango marefu yaliyojaa maji safi, na ambako tangu mitungi ya kuzamia ilipoanza kuuzwa madukani vijana waliingia bila kujua wanaingia wapi. Mmoja wa wenyeji wa maji hayo, Sheck Exley, alianza kukusanya habari za kila ajali na kuuliza swali moja: ni kitu gani hasa kilichoua? Mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo, Basic Cave Diving: A Blueprint for Survival, kinachofundisha kwa kutumia ajali zilizotokea kweli na kanuni ambayo ingeziepusha. Aliona kwamba sababu zilikuwa zikijirudia: kutokuwa na kamba isiyokatika hadi maji ya wazi, kutokutunza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka, na kwenda kina kirefu kupita kiasi. Baadaye yaliongezwa mambo mawili: mafunzo, na taa. Kila mzamiaji wa pango hubeba taa tatu, moja kubwa na mbili za akiba. Taa moja ikizima, safari imekwisha. Wote hugeuka hata kama mbili zilizobaki zinawaka vizuri.

Katika hayo matano, ukosefu wa mafunzo husimama peke yake kwa namna moja: asiyefunzwa huvunja kanuni nyingine zote bila kujua kwamba zipo. Hajaleta kamba kwa sababu hakujua inahitajika. Anayo tochi moja kwa sababu baharini moja hutosha. Ndiyo maana midomoni mwa mapango mengi ya Florida na Mexico pamewekwa vibao vyenye picha ya kifo katika sura ya kiunzi cha mifupa kilichoshika fyekeo, na maandishi yanayomtaka mtu arudi. Kibao hicho kinaeleza kwamba zaidi ya wazamiaji 300 wamekufa katika mapango kama hayo, na kwamba miongoni mwao walikuwamo walimu wa kuzamia baharini. Hicho cha walimu ndicho kinachostahili kusomwa mara mbili.

Katika chemchemi za Ginnie Springs, Florida, wenye eneo walikwenda mbali zaidi ya kibao. Asiye na cheti cha mapango haruhusiwi kuingia na tochi katika maji yanayoelekea kwenye mapango ya Devil's Eye. Kwa asiyezoea jambo hili, katazo hilo linaonekana kinyume cha akili, maana taa ni usalama. Lakini binadamu asiye na taa husimama mwenyewe mwanga wa jua unapokwisha, na mwenye taa huendelea mbele kuangalia kona inayofuata. Kwa sababu hiyo hiyo, katika mapango mengi ya huko kamba ya kudumu huanzia ndani, mahali pasipoonekana kutoka nje, isije ikamshawishi mpita njia kuifuata.

Kina ni kishawishi cha aina yake. Kuanzia mita 30 hivi, nitrojeni ya hewa ya kawaida huanza kumlevya mzamiaji. Hesabu rahisi humshinda, hukumu yake hulegea, na mara nyingi anajisikia vizuri mno. Ukishuka zaidi, hata oksijeni hugeuka sumu inayoleta degedege, na degedege chini ya maji humaanisha kuzama. Shimo la Blue Hole la Dahab, kwenye pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu, limeua wengi kwa mchanganyiko huo. Ukuta wake una tao, mlango wa asili wa kutokea bahari kuu, ambao dari yake iko mita 55 hivi chini na njia yake ina urefu wa mita 26 hivi. Mwanga wa buluu unaoingia kutoka upande wa pili huifanya njia ionekane fupi na tao lionekane karibu. Mtu mwenye mtungi mmoja wa lita 12 kwenye kina hicho anatumia lita 130 kwa dakika. Mtungi mzima ungemtosha dakika 18, kabla ya kutoa hewa ya kushukia na ya kupandia, na akili inayopaswa kuifanya hesabu hiyo imelewa. Kwenye jabali la ufukweni vimebandikwa vibao vya kumbukumbu vya waliokwenda kulitafuta tao hilo.

Hata heliamu, ambayo wazamiaji wa kina huichanganya katika hewa yao ili kupunguza ulevi, haiondoi hatari. Mwezi wa Januari 2005 David Shaw, rubani wa ndege kutoka Australia, alishuka katika shimo la Boesmansgat nchini Afrika Kusini hadi mita 270 hivi ili kuutoa mwili wa kijana aliyefia humo mwaka 1994. Kazi ya mikono katika kina kile ilimfanya apumue kwa nguvu, kaboni dioksaidi ikajaa mwilini kuliko mapafu yalivyoweza kuitoa, naye hakurudi. Exley mwenyewe, mwandishi wa kanuni, alifia katika shimo la Zacatón, Mexico, tarehe 6 Aprili 1994, akijaribu kuvunja rekodi ya kina.

Meli iliyozama ni pango lililojengwa na watu, na kwa baadhi ya mambo ni baya zaidi. Mwamba wa pango umesimama maelfu ya miaka. Chuma cha meli huliwa na chumvi kila siku, na ngazi iliyokuwa imara mwaka jana yaweza kuanguka mwaka huu. Nyaya za umeme huning'inia kutoka darini na kumnasa mtu mtungini, mahali ambapo mikono yake haifiki. Meli ikilala ubavu, kama Andrea Doria iliyozama mwaka 1956 mbali na pwani ya Massachusetts, korido hugeuka mashimo, milango hukaa sakafuni na darini, na ramani aliyoikariri mzamiaji haimfai tena. Meli hiyo iko kwenye kina cha mita 70 na zaidi, na imewaua wazamiaji zaidi ya kumi, baadhi yao wakiwa wamefuata sahani na vikombe vya kaure vya abiria.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki mabaki ya meli ni sehemu ya utalii wa kuzamia. MV Dania ilizamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa ili iwe makazi ya samaki, na bandari ya Zanzibar ina mabaki ya manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Kuitazama meli kwa nje, kuzunguka sitaha na mlingoti, ni kuzamia kwa kawaida. Kichwa kinapopita mlangoni, mambo ni mengine. Wavuvi wanaozamia bila mtungi wanaijua dari kwa namna yao: kambakoche hukaa ndani ya nyufa na chini ya mwamba, na anayemfuata kwa pumzi moja hadi mabega yakaingia hana theluthi ya kuweka akiba.

Mahali ambapo suala hili limewagusa wakazi wa ukanda huu kwa uchungu zaidi ni katika ajali za vivuko. Chombo kilichopinduka ni mazingira yenye dari, na ndani yake huenda mna watu hai waliobanwa na hewa kidogo. MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, taarifa za wakati ule zilieleza kwamba tumbo lake lilitobolewa ili kuwatoa waliokuwa wakigonga kwa ndani. Hewa iliyokuwa ikikishikilia chombo ikatoka, nacho kikazama. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, wazamiaji walimtoa hai fundi wa mitambo siku mbili baadaye, akiwa amejihifadhi kwenye nafasi yenye hewa karibu na injini. Moyo wa kujitolea wa wavuvi na vijana katika misiba hiyo ni wa kuheshimiwa sana. Ndiyo sababu inauma kuona wanaachwa waingie kwenye viti, kamba, mizigo na mafuta yaliyomwagika bila kamba ya mwongozo na bila taa ya pili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Hewa iliyonaswa nayo ina hila zake. Ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa kwa muda mrefu, kutu hula oksijeni. Mtu akivua kipumulio na kuvuta pumzi mbili tatu anaweza kuzimia kabla hajahisi lolote. Na hata hewa ikiwa nzuri, kina kinabaki kuwa kina. Harrison Okene, mpishi wa boti la Jascon-4 lililozama pwani ya Nigeria mwezi wa Mei 2013, alikaa saa 60 hivi katika nafasi ya hewa kwenye kina cha mita 30. Wazamiaji waliotumwa kutoa maiti ndio waliokutana na mkono wake. Hawakuweza kumpandisha juu tu, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umejaa nitrojeni ya siku mbili na nusu. Alivishwa kofia ya kuzamia, akapelekwa kwenye chombo chao cha kushukia, kisha akawekwa katika chumba cha kupunguzia msukumo kwa zaidi ya siku mbili. Wazamiaji wale walikuwa mafundi wa kazi hiyo, kila mmoja akiletewa hewa kwa bomba kutoka juu.

Dunia nzima iliiona tofauti kati ya ushujaa na mafunzo mwaka 2018, katika pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Vijana 12 wa timu ya soka na kocha wao walinaswa na mafuriko tarehe 23 Juni. Makomandoo wa majini wa Thailand walifika upesi. Walikuwa wazamiaji hodari, ila wa bahari ya wazi. Waliowapata watoto, tarehe 2 Julai, walikuwa Waingereza wawili wa makamo, Rick Stanton na John Volanthen, ambao kuzamia mapangoni kulikuwa mapenzi yao ya miaka mingi. Walikuwa wakiogelea dhidi ya maji ya udongo, wakilaza kamba, na kila palipokuwa na nafasi ya hewa walipanda kusikiliza na kunusa. Tarehe 6 Julai Saman Kunan, komando mstaafu aliyejitolea kupeleka mitungi ndani, alipoteza fahamu majini akiwa njiani kutoka, akafa. Watoto walitolewa kati ya tarehe 8 na 10 Julai wakiwa wamelazwa kwa dawa, kwa sababu wote waliohusika walijua kwamba mtoto akishtuka chini ya dari atajiua na kumuua anayembeba.

Mafunzo ya mapango huanza nchi kavu. Wanafunzi hufunga kamba kutoka mti hadi mti, hufumba macho, na kuifuata kwa pete ya vidole huku mkono mwingine ukishika mkono wa aliye mbele. Kusukuma kidogo ni twende, kubana ni simama. Hujikwaa, huiacha kamba, hupita upande usio sahihi wa mti, na hugundua wakiwa salama kwamba kufanya jambo dogo bila macho ni kugumu. Kisha hurudia yote majini, miwani ikiwa imezibwa. Hujifunza kuelea kwa ulalo bila kupanda wala kushuka, na kupiga mapezi kama chura, pembeni badala ya chini. Hujifunza kugawana hewa kwa mpira wa mita mbili, mrefu kiasi kwamba wawili waweza kupita kwenye tundu mmoja nyuma ya mwingine. Hufunga na kufungua vali zilizo nyuma ya shingo bila kuziona. Ngazi ya kwanza haimruhusu mtu kupita mwanga wa jua. Zinazofuata humwingiza gizani kidogo kidogo. Kozi zote kwa pamoja huchukua wiki nzima au zaidi, na mwalimu mwadilifu huwarudisha nyumbani bila cheti wale ambao hawajaiva.

Kwa asiye na mafunzo hayo bado ipo njia ya halali ya kuonja uzuri wa pango. Katika visima vya asili vya Yucatán, Mexico, wageni wenye cheti cha bahari huongozwa katika eneo la mwanga, wakifuata kamba ya kudumu, wasiozidi wanne kwa kiongozi mmoja ambaye yeye mwenyewe ni mzamiaji wa mapango na amebeba hewa na taa za akiba. Mwamba wa matumbawe nao una matao mafupi, mapana na yaliyonyooka, ambayo mtu huona mwanga wa upande wa pili kabla ya kuingia. Hatari huanza pale kiongozi anaposema "nifuate mimi tu" na kupita mahali ambapo mlango hauonekani tena nyuma. Mgeni wa Yucatán, Dahab, Diani au Nungwi ana haki ya kuuliza kabla ya kuvaa mtungi kama watapita chini ya kitu, urefu wake ni kiasi gani, kuna kamba, na kiongozi ana cheti gani kwa ajili ya hapo. Mwenzake yeyote pia ana haki ya kuisimamisha safari wakati wowote, bila kutoa sababu, na bila kuulizwa akifika juu. Wazamiaji wa mapango huiheshimu haki hiyo kuliko kanuni nyingine zote walizonazo.

Pale ambapo hakuna aliyeisimamisha, kazi inayobaki ni ya kuutoa mwili, na mara nyingi huwaangukia wazamiaji wa mapango wa eneo hilo, wengi wao kwa kujitolea. Kabla ya kuugusa hutazama na kuandika kwenye ubao mdogo wa plastiki: kina, umbali kutoka mlangoni, kama kamba ilikuwepo na iliishia wapi, taa zilikuwa ngapi na ngapi ziliwashwa, vali ilikuwa wazi au imefungwa, geji ilisoma bari ngapi. Hesabu hizo hupelekwa kwa wachunguzi na kwa wanaofundisha, kama Exley alivyofanya zamani, na ndizo zinazosomwa katika darasa la kwanza la kozi inayofuata.